Nani atalipa nyumba za Masisi na Walikale?

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Butembo, Kisangani na Kinshasa, na ninyi mlio ng'ambo,

Kila msimu wa mvua tunaandika neno lile lile: pole. Tunaweka mshumaa kwenye WhatsApp, tunachanga franka kidogo, kisha jua linawaka na habari inapita. Safari hii pole tunaiacha pembeni, tunataka kuzungumza pesa. Nyumba ikichukuliwa na maji Nyabiondo, ikifunikwa na udongo kwenye vilima vya Rubaya, ao ikiingiliwa na mto Lowa pale Walikale, nani anailipa?

Leo anayelipa ni mwenye nyumba, peke yake. Analipa anapoijenga, na analipa tena anapoijenga mara ya pili, ubao kwa ubao, mara nyingi kwenye mteremko ule ule kwa sababu hana pengine pa kwenda. Leta haiingizi mkono mfukoni. Shirika la misaada likipita litaacha turubai na sufuria mbili, na litapiga picha.

Katika nchi nyingine kuko mtu wa tatu anayelipa. Ni bima, ile watu wetu wanaita asiranse. Kwetu neno hilo lina maana moja tu: karatasi ambayo polisi wa rulaje anaomba barabarani kabla hajaomba kitu kingine. Mwenye gari anaijua, mwenye moto anaikimbia. Lakini asiranse ya nyumba? Uliza mama yeyote wa Masisi, atakutazama kama unamuuliza habari za mwezi.

Na si kosa lake. Tangu mwaka 1966 biashara yote ya bima Kongo ilikuwa ya kampuni moja ya Leta, SONAS. Ukimya wa kampuni hiyo mbele ya watu waliopata hasara, wazazi wetu wanauelezea vizuri kuliko sisi. Tarehe 17 Machi 2015 ikatoka sheria mpya, Kodi ya bima, iliyofungua soko. Ikaundwa mamlaka ya kusimamia, ARCA, na mwaka 2019 kampuni za kibinafsi zikaanza kupewa vibali. Wengi kati yetu tuliomaliza iniversite miaka hiyo tulishangilia, tukijisemea kwamba sasa kazi zitapatikana. Kazi hazikutufikia, ila tulipata muda mwingi wa kusoma hiyo Kodi. Tuliisoma tukiwa na swali la vijijini kichwani, na tuliona wazi kwamba mlango ulifunguliwa kwa mwenye magari, mwenye mizigo bandarini, mwenye ghorofa. Mwenye nyumba ya mbao kwenye kilima alibaki nje.

Kabla ya vita kufika Goma, wawili kati yetu waliingia katika ofisi moja ya bima mjini, wakauliza bei ya kukatia bima nyumba ya mbao na mabati iliyoko Masisi, chini ya mlima, karibu na mto. Bwana wa ofisi hakuwafukuza, alikuwa na adabu. Aliomba certificat d'enregistrement ya parseli. Hakuna. Aliomba plani ya nyumba. Hakuna. Aliuliza kama kuko barabara ambayo mkaguzi anaweza kupita na gari. Wakatazamana. Mwishoni akasema kwa upole kwamba hata kama karatasi zote zingekuwepo, mafuriko na maporomoko si sehemu ya kontra ya kawaida, na vita haimo kabisa. Walitoka na karatasi nzuri ya matangazo, yenye picha ya familia inayocheka mbele ya nyumba ya matofali.

Tuanze na hizo karatasi. Juu ya nini mama wa Masisi hana certificat? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Leta, hata ile ya kimila. Kuhusu ardhi za vijiji, ikasema haki za wakaaji zitapangwa na ordonansi ya rais. Wakaaji waliingoja ordonansi hiyo miaka na miaka. Wakati wanangoja, kila nyumba ya kijijini Masisi na Walikale ilisimama juu ya ardhi isiyokuwa yake wala si ya jirani yake mbele ya kadasteri. Sasa kampuni ya bima inasema: siwezi kulinda kitu ambacho Leta haikijui. Leta inasema: siwezi kulipa kitu ambacho hakikuandikwa. Na nani alikataa kukiandika?

Tunajua maneno ambayo wamoja wenu mtatujibu, maana tumeyasikia hata mezani pa wajomba zetu. La kwanza: "Nani aliwatuma wajenge mtoni?"

Historia ndiyo iliwatuma. Wakati wa Wabelgiji, sehemu nzuri za Masisi, zile tambarare za juu zenye udongo mzito, zilikatwa kuwa mashamba makubwa ya wakoloni. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zairianisation, na mashamba yale yakaingia mikononi mwa watu wenye mlango kwa wakubwa. Baadaye mengi yakawa malisho ya ng'ombe. Panda leo kwenye kilima chochote upande wa Mushaki ao Kilolirwe: majani mafupi mazuri, waya, ng'ombe, na mwenye mali anaishi mjini. Msitu uliokuwa unashika udongo ulikwisha zamani. Mkulima mdogo alisukumwa kwenye miteremko mikali na kwenye mabonde, pale ambapo maji yote ya juu yanashukia. Jibini ya Masisi tunaipenda sana, tunaila mkate kwa mkate. Lakini mvua inayoteremka toka malisho hayo haimpi bili mwenye ng'ombe. Inampa bili yule aliye chini.

Kamba hukatikia pabovu. Mnakumbuka Jumapili ile ya tarehe 2 Aprili 2023, kijiji cha Bolowa, Masisi: wanawake na watoto walikuwa mtoni chini ya mlima, wanaosha vyombo na nguo, mchana kabisa. Mlima ukaanguka. Watu wasiopungua 20 walikufa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 4 Mei, ng'ambo ya mpaka wetu na Kivu Kusini, huko Kalehe, maji na mawe vilifagia Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa na wengine wengi hawakuonekana tena. Leta ilitangaza siku ya maombolezo ya kitaifa, tarehe 8 Mei, bendera zikashushwa nusu mlingoti. Hakuna asiranse inayofufua mtoto, hilo tunalijua. Tunauliza juu ya waliobaki hai asubuhi yake, bila mlango, bila kitanda, bila mbuzi, wakiwa na bendera nusu mlingoti.

Jibu la pili tunalolisikia ni hili: "Amani kwanza, asiranse baadaye." Linasikika kama hekima. Mvua ya Bolowa haikungoja amani, hata hivyo, na vita vyenyewe ndivyo vinavyowasukuma watu kwenye mabonde. Februari 2025, baada ya Goma kuanguka, kambi za wakimbizi wa ndani kuzunguka mji zilifungwa na watu wakaambiwa warudi kwao. Wengi walirudi Masisi wakakuta nyumba zimebomolewa ao zimekaliwa. Walijenga pale walipopata nafasi, na nafasi inayopatikana bure kila mara ni ile ambayo mwenye akili na pesa aliikwepa. Tarehe 27 Juni 2025 mkataba ulitiwa sahihi Washington kati ya Kinshasa na Kigali. Tangu siku ile tumesikia neno madini mara nyingi sana. Neno nyumba tunalitafuta kwa tochi.

Sasa tuje kwenye kile ambacho mama zetu wanacho tayari. Asiyeijua AVEC hajafika kijijini. Watu kama 25 wanakutana kila juma, kila mmoja ananunua hisa, pesa inaingia katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Pembeni kuko sanduku dogo la kijamii: mia chache za franka kwa ajili ya matanga, ugonjwa, uzazi. Hiyo, ndugu zetu, ni bima. Hakuna haja ya kumfundisha mama wa Nyabiondo maana ya kuchangia hatari ya jirani. Angeweza kufundisha hilo katika darasa letu la uchumi, na tungeelewa haraka zaidi.

Lakini sanduku hilo lina ugonjwa mmoja. Mtu mmoja akifiwa, 24 wanamchangia. Mto ukipita usiku, wote 25 wanalia pamoja, na mara nyingine sanduku lenyewe limeenda na maji, kufuli zote tatu. Hata kampuni ya bima ikiwa na wateja wa bonde moja tu, ingekufa siku hiyo hiyo. Dawa yake inajulikana: mchango wa Nyabiondo ukutane na wa Walikale, wa Lubero, wa Kananga, wa Matadi, wa Gombe. Mvua hainyeshi yote siku moja. Watu milioni wakichangia kidogo, kijiji kimoja kinaweza kuinuliwa. AVEC peke yake haiwezi kulifanya hilo, kwa sababu haina mkono wa kufika Matadi. Leta inao, na imeukunja.

Msituambie haiwezekani. Wafaransa, ambao tunanakili sheria zao hadi nukta, walifanya hivyo tangu tarehe 13 Julai 1982. Kila mwenye bima ya nyumba Ufaransa analipa asilimia fulani juu yake kwa ajili ya majanga ya asili: ilikuwa 12, na tangu Januari 2025 ni 20. Anayekaa ghorofa ya sita, ambako mto hautafika kamwe, analipa asilimia ile ile kama anayekaa kando ya mto. Leta yao inasimama nyuma kama mdhamini, hasara ikizidi. Waingereza nao tangu 2016 wako na mfuko unaoitwa Flood Re: kampuni zote za bima zinachangia, ili nyumba iliyo katika hatari ya mafuriko ipate bima kwa bei inayolipika. Walielewa kwamba ukimwachia kila mtu hatari yake, aliye mtoni hatapata bima milele. Inastaajabisha kidogo: matajiri wanajua kuchangiana, na sisi maskini tunaambiwa kila mtu ajitegemee.

Hata Afrika haijalala. Muungano wa Afrika uko na taasisi yake, African Risk Capacity. Nchi inalipa mchango; ukame ao mvua ikipita kipimo kilichoandikwa, nchi inalipwa haraka bila kungoja mkutano wa wafadhili. Mwaka 2015 Senegal, Mauritania na Niger zilipokea pamoja zaidi ya dola milioni 26 baada ya ukame. Majirani Watanzania walipata maporomoko ya Katesh, chini ya mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, na serikali yao ikawajengea waathirika nyumba. Tunawapongeza kwa moyo. Lakini hata hiyo ni huruma, na huruma inategemea nani yuko ikulu na ameamkaje. Huruma huwezi kuishitaki. Kontra unaweza.

Je, pesa itatoka wapi? Hapa ndipo wakubwa wetu wanapenda kugeuza mifuko nje ili tuone ni mitupu.

Walikale inatoa kasiterite, madini ya bati. Bisie, mgodi wa Alphamin, ni miongoni mwa migodi yenye bati tajiri kupita yote duniani. Simu unayosomea maneno haya imeunganishwa kwa bati. Halafu mkaaji wa Walikale anaezeka kwa majani kwa sababu bati la dukani, likisafirishwa kwa barabara ile, linamshinda bei! Kodi ya madini ya mwaka 2018 inasema wazi: katika mrabaha wa madini, 50 kwa mia ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya sekta ao eneo ambako mgodi upo, na 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake, kampuni inatoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Hatuombi kodi mpya. Tunaomba sehemu ya ile 15 na ya ile 0,3 ilipe mchango wa bima wa AVEC zote za Walikale, kila mwaka, kwa jina, kwa orodha iliyobandikwa ukutani pa ofisi ya sekta. Kizazi kijacho nacho kinahitaji paa la kuzaliwa chini yake.

Na Rubaya? Tangu mwisho wa Aprili 2024 iko mikononi mwa M23. Wataalamu wa ONU waliandika kwamba taksi za coltan ya pale ziliwaingizia dola zisizopungua 800 000 kwa mwezi. Sisi hatumtambui mtu kuwa Leta kwa sababu ana bunduki. Lakini anayechukua taksi ya mlima hawezi kusema mlima ukianguka haumhusu. Kinshasa nayo isijifiche nyuma ya M23: miaka yote iliyokuwa inashika Masisi, hakuna senti ya coltan iliyorudi kuziba korongo hata moja.

Kuko pia mfuko wa dunia wa hasara na maangamizi ya tabianchi, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kufunguliwa Dubai mwaka 2023. Kinshasa inapenda kujiita nchi-suluhisho mbele ya wazungu, kwa sababu ya misitu, na sehemu kubwa ya misitu hiyo katika Kivu Kaskazini iko Walikale. Basi suluhisho lianze na nyumba za wanaoilinda.

Neno kwa wafanyabiashara: msije mkatuuzia asiranse ya simu, dola moja kwa mwezi, yenye maandishi madogo ambayo yanaondoa mafuriko, maporomoko, vita na "ghasia". Tunaijua hiyo. Asubuhi mvua, usiku bomu, na mkaguzi atasema ukuta uliangushwa na bomu. Ndiyo maana tunataka kipimo badala ya mkaguzi. Setilaiti zinaona maji yamefika wapi hata kukiwa na mawingu, na kipima mvua kinagharimu kidogo sana kuliko gari la waziri. Maji yakifika alama iliyoandikwa katika kontra, malipo yatoke, bila mtu kupanda moto siku mbili kuja kuhesabu misumari.

Tunachodai kwa ARCA na kwa serikali ni hiki. Barua ya shefu wa kijiji yenye majina ya majirani watatu, na alama ya mahali iliyochukuliwa kwa simu, ikubaliwe kuwa ushahidi wa nyumba mbele ya kampuni yoyote ya bima. Asilimia ndogo ikatwe kwenye kila bima inayouzwa Kongo, ya gari, ya mizigo, ya moto wa ghorofa, iingie katika mfuko wa majanga, na hesabu yake itangazwe kila miezi mitatu. Wawakilishi wa AVEC wakae katika meza ya mfuko huo, nao washike ufunguo mmoja kati ya mitatu. Wana uzoefu kuliko mawaziri. Wenye mashamba makubwa juu ya vilima wachague: wapande miti na kuchimba mifereji, ao walipe mchango kwa kila hekta iliyo tupu. Siku ambayo kilima kikianguka kitamgharimu mwenye kilima, mtaona miti itakavyoota haraka.

Kwenu mlio mjini. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Aprili 2025 mto Ndjili ulifurika Kinshasa, watu wasiopungua 33 wakafa. Kwa hiyo msifikiri tunaomba kwa ajili ya washamba wa mbali. Mwenye gari ao duka atoe kontra yake ya bima leo, atafute neno mafuriko, apige picha ya ukurasa huo, afute jina na namba yake, atutumie. Waliosoma sheria tuko na rasimu ya barua ya shefu, inahitaji macho zaidi. Walioko Masisi na Walikale wasibebe bango wala wasipige picha pale penye bunduki. Wahesabu tu, kimya kimya, nyumba ngapi ziko chini ya mlima, ngapi kando ya mto, na AVEC ngapi ziko hai. Tunaanza na Nyabiondo, Kibua na Mubi. Orodha ya kwanza tutaipeleka ARCA kwa mkono, na jibu lao, likija ao lisipokuja, tutalibandika hapa hapa.